Wizara ya Marudio

Nchi yetu ina chaneli moja ya televisheni, na chaneli hiyo ina kipindi kimoja. Msidhani nalalamika. Nasikia kuna nchi zina chaneli nyingi mpaka watu wanagombana nyumbani nani ashike rimoti. Sisi hatuna ugomvi huo. Rimoti yetu haina kazi, watoto wanaichezea kama simu.

Kipindi kinaitwa Fungua Tuone. Kilirekodiwa zamani, wakati mimi bado nina nywele. Mchezaji anasimama mbele ya makabati matatu, anaulizwa swali moja. Akijibu sawa, kengele inalia, anachagua kabati, na kilichomo ni chake. Akikosa, inapigwa honi ya lori, watazamaji wanacheka, naye anapewa mche wa sabuni ili asirudi nyumbani mikono mitupu. Basi. Watu walikipenda kipindi hicho kupita kiasi, na mtangazaji wake walimpenda zaidi. Alipogombea urais hakupiga hata kampeni. Alisimama jukwaani akasema, "Tufungue au tuache?" na uwanja mzima ukaitika, "Fungua!" Tangu siku hiyo anaitwa Mtangazaji Mkuu, na kwa kuwa ana nchi ya kuendesha, hajapata nafasi ya kurekodi vipindi vipya. Ndiyo maana tunarudia vile vya zamani.

Mwanzoni tulivirudia Jumapili. Baadaye kila siku. Kisha taarifa ya habari ikaondolewa, kwa sababu ilikuwa inaleta mambo mapya ambayo serikali ilikuwa bado haijayazoea. Wizara ya Habari ikabadilishwa jina, ikawa Wizara ya Marudio. Bunge nalo likapitisha Sheria ya Marudio, inayosema kwamba jambo lolote linaloonyeshwa katika Fungua Tuone lihesabiwe kuwa limetokea siku hiyo linapoonyeshwa. Waziri aliisoma bungeni kwa sauti ya mtu anayebatiza. Akamaliza kwa kusema, "Waheshimiwa, taifa linalojiona likiwa kijana kila siku halitazeeka kamwe!" Wabunge wakapiga meza, na mmoja aliyekuwa amelala akaamka akapiga ya jirani.

Sheria hiyo ilitufaa sana. Katikati ya kipindi huwa kuna tangazo la sukari, na bei ya sukari inayotajwa pale ndiyo bei ya sukari mpaka leo. Ukiikuta dukani kwa bei nyingine, umeota. Mtangazaji Mkuu hana mvi hata moja. Na marehemu waliowahi kukaa studio kama watazamaji wanahesabiwa kuwa wazima. Mama yangu mzazi, niliyemzika kwa mikono yangu, amepiga kura katika chaguzi zote zilizopita. Mtendaji wa kata aliniambia kwamba kila mara alichagua vizuri.

*

Mama alionekana kwenye televisheni kwa sababu yangu. Naitwa Ngusa, nafyatua matofali hapa Vumbini. Shule niliacha darasa la tano, tukaachana bila kinyongo. Mwaka ule Fungua Tuone ilipokuwa inatafuta wachezaji kutoka kata za mbali, jina langu lilitoka.

Lazima niwaeleze mila yetu moja, maana bila hiyo hamtanielewa. Nchini kwetu neno la mtu mmoja halisimami. Ukiuza ng'ombe, ukiposa, ukisema mpaka wa shamba lako uko kwenye mwiba ule pale, lazima awepo mshika mkono wako. Anakushika mkono unaposema, kisha anaulizwa, "Unathibitisha?" Akisema "Nathibitisha," neno limekuwa neno. Akisema "Sithibitishi," neno limekufa, hata kama kila mtu anajua ni la kweli. Kwa hiyo mtu anamchagua mshika mkono wake kwa makini kuliko anavyochagua mke. Mke anaweza kurudi kwao. Mshika mkono habadilishwi.

Wangu alikuwa Tungaraza. Tulichimba udongo katika shimo moja, tulioa mwaka mmoja, mtoto wake wa kwanza ana jina langu. Tulikwenda studio pamoja, yeye amevaa shati lake la mistari ya kijani alilolinunua kwa ajili ya safari hiyo, na Mama akakaa mstari wa pili na kanga mpya.

Mtangazaji, wakati huo bado hajawa Mkuu, alikuwa na koti la kahawia. Akaniuliza, "Maji yaliyo chini ya ardhi ni ya nani?"

Nikajibu, "Ni ya wanaokaa juu yake."

Akamgeukia Tungaraza. "Unathibitisha?"

"Nathibitisha!" Tungaraza alipiga kelele mpaka sauti ikamkatika.

Kengele ikalia. Nikachagua kabati la kati. Likafunguliwa, mna pampu ya maji, ya buluu, inang'aa, na pembeni yake tangi kubwa. Mama akasimama akapiga vigelegele. Mtangazaji akanipigapiga begani akasema, "Nendeni nyumbani, pampu inakuja nyuma yenu."

Tulikwenda nyumbani. Kila tulipogeuka tulitazama nyuma.

*

Pampu haikuja, lakini Sheria ya Marudio ilikuja, na sheria hiyo ilitupa pampu nyingi. Kila kipindi changu kinaporudiwa, Vumbini inapata pampu mpya. Mtendaji wa kata, Bwana Sizya, alikuwa anatuma taarifa wilayani siku hiyohiyo: Vumbini imepokea pampu moja, ya buluu, na wananchi wamefurahi. Baada ya miaka kadhaa tukawa kata yenye maji mengi kuliko zote nchini. Kwenye ramani ya wilaya tulipakwa buluu, tukaonekana kama ziwa. Wajumbe wa kata nyingine walikuja kujifunza kwetu namna ya kutunza vyanzo vya maji. Tuliwanunulia soda, kwa sababu maji ya kuwapa hatukuwa nayo.

Maji yetu yalikuwa yanaletwa na boza la wilaya kila wiki. Siku moja boza halikuja. Sizya akapiga simu, akajibiwa kwamba kupeleka boza Vumbini ni kumwaga maji baharini.

Kuanzia hapo wanawake walikwenda kwenye korongo kufukua mchanga kwa vibakuli, wanasubiri maji yatokeze, wanayachota pamoja na mchanga wake. Mke wangu, Mama Kulwa, alianza kutembea ameinama hata asipokuwa na ndoo. Matofali yangu yakasimama, maana udongo haushikani bila maji. Watu wakaanza kuniangalia vibaya.

"Ngusa, pampu imefika wapi leo?" waliniuliza nikipita.

"Bado iko njiani."

"Njia gani hiyo? Ya tumboni kwako?"

Bibi Sikitu, anayeuza maandazi karibu na ofisi ya kata, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Huyu ameiuza," alisema mbele ya wateja, mimi nimesimama palepale nasubiri andazi langu. "Mtu ashinde pampu kila siku, asilete hata mpira wake wa maji? Hata mpira tu, tuutazame?"

Ukaitishwa mkutano. Ikaamuliwa niende mji mkuu kwenye Wizara ya Marudio nikaidai pampu, na kwa kuwa neno la mtu mmoja halisimami, niende na mshika mkono wangu. Tungaraza alisimama akasema, "Mimi na Ngusa ni mtu mmoja. Hatutarudi bila maji." Akapigiwa makofi. Hilo neno alilisema hivyo hivyo, nami nililipenda.

*

Jengo la Wizara ya Marudio ni refu na lina mapokezi ya kisasa. Kuna madirisha matatu yaliyofungwa, unachagua moja. Nilichagua la kulia. Likafunguliwa, ndani kuna ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Dada wa mapokezi akasema, "Pole, baba. Jaribu kesho." Kesho yake Tungaraza akachagua la kushoto, tukapata mkurugenzi.

Alikuwa Dokta Mgoyo, Mkurugenzi wa Marudio na Furaha za Zamani, mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya upole kama ya mtu anayekuamsha usingizini. Nilimweleza shida yetu tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu wengi wenye vyeo hawalifanyi.

"Ndugu Ngusa," alisema, "unasema hukupata pampu. Lakini mimi nimekuona ukiipata. Juzi tu. Nilikuwa nimekaa sebuleni na mke wangu, tukashangilia."

"Ile ilikuwa zamani, mheshimiwa."

"Zamani ilifutwa na Bunge, ndugu yangu."

"Sawa. Lakini Vumbini watu wanakunywa mchanga."

"Haiwezekani. Vumbini ni ziwa." Akatuonyesha ramani ukutani. Kweli, tulikuwa ziwa. Kulikuwa na mchoro mdogo wa samaki juu ya nyumba yangu.

Akatupeleka ukumbini. Katikati ya ukumbi, ndani ya kabati la kioo, pampu yangu ya buluu ilikuwa imesimama. Sikuamini. Nilitaka kuigusa, mlinzi akanizuia. Kibao kilisema ni Urithi wa Taifa, haitolewi nje ya jengo.

"Hii ni yangu," nilisema.

"Ni yako," alikubali Dokta Mgoyo bila kusita. "Pia ni ya mjane mmoja wa kaskazini, na ya kwaya ya kanisa, na ya timu ya mpira iliyoshinda kabla yako. Katika Fungua Tuone pampu ilikuwa moja. Hiyo ndiyo fahari yake. Pampu moja imenywesha nchi nzima!"

"Basi tupeni nyingine yoyote. Hata mbovu, tutaitengeneza."

Mkurugenzi aliweka mikono nyuma akaizunguka pampu taratibu, kama mtu anayetoa hotuba kwa kitu kilichokufa. "Ndugu zangu, tatizo lenu nimelielewa, na nitawaambia ukweli kwa sababu ninawaheshimu. Rekodi inasema mmeshinda. Uhalisia, kwa maelezo yenu, unasema hamna kitu. Vitu hivi viwili havipatani. Ili vipatane, serikali ina njia mbili. Inaweza kuleta pampu, au inaweza kurekebisha jibu. Njia ya kwanza inahitaji pampu."

Nilimwona ni mtu muungwana, anayepima mambo pande zote. Nikamwambia tunaiamini serikali ichague yenyewe.

Akasema vizuri, ila angependa kubaki kidogo na mshika mkono wangu kwa ajili ya kuthibitisha baadhi ya mambo. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikala karanga mpaka zikaisha, nikaanza kusoma magazeti yaliyofungiwa karanga. Tungaraza alipotoka alikuwa ananukia, na usoni ana kitu cheupe.

"Wamekupaka nini?"

Akajifuta kwa kiganja. "Poda. Wamenipiga picha."

"Picha ya nini?"

"Ya kitambulisho, bwana. Si unajua hawa watu, kila kitu picha." Akaanza kutembea mbele yangu. "Twende. Wamesema marekebisho yanakuja na maji yanakuja. Twende nyumbani."

Sikumuuliza zaidi. Mshika mkono haulizwi mara mbili. Njia nzima alijifanya amelala, na mimi nikamfunika kwa koti langu.

*

Vumbini ilipokea habari kwa shangwe. Bibi Sikitu aliniletea maandazi bure, ya moto, akasema, "Baba Kulwa, ulimi wangu una kasoro, unisamehe." Vijana wakachimba mtaro kuanzia korongo mpaka shuleni ili pampu ikifika isipate taabu. Sizya akatangaza kwamba kipindi changu, kikiwa na marekebisho muhimu ya kitaifa, kitarudiwa Jumamosi alasiri, na kila mtu afike uwanja wa ofisi ya kata akiwa amevaa vizuri.

Tulifika wote. Televisheni ya kata ilitolewa nje, ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa. Wimbo wa kipindi ulipoanza tulisimama, kama sheria inavyotaka, mkono kifuani. Kisha tukakaa. Tungaraza alikuwa kwenye benchi la mbele, watu wawili kutoka kwangu.

Nikajiona nikiingia, kijana, mwembamba, na nywele zangu. Watoto wakacheka kama kawaida. Mtangazaji Mkuu, katika koti lake la kahawia, akauliza swali. Nikajibu: "Ni ya wanaokaa juu yake." Uwanja mzima ulijibu pamoja nami, maana jibu hilo hata vichanga wa Vumbini wanalijua.

"Unathibitisha?"

Hapo picha ikaruka kidogo. Tungaraza akatokea. Alikuwa amevaa lile shati la mistari ya kijani, lakini lilikuwa limembana, vifungo vinatafutana, na tumbo limechungulia katikati. Nywele zake zilikuwa na mvi. Jino la mbele halikuwepo. Ni jino lile lililong'oka mwaka juzi alipokuwa anatafuna muwa, nilikuwepo. Usoni alikuwa mweupe kwa poda.

"Sithibitishi," alisema.

Honi ya lori ikalia.

Mtangazaji Mkuu akarudi akiwa amevaa koti la buluu. Akasema, "Pole, ndugu. Maji yaliyo chini ya ardhi ni ya anayeyafungua." Mkono ukaonyeshwa ukipokea mche wa sabuni. Mkono huo ulikuwa na pete ya dhahabu na kucha zilizokatwa vizuri. Halafu wakaonyesha watazamaji, na mstari wa pili, Mama yangu. Alisimama na kanga yake mpya, akapiga vigelegele kwa furaha kwa sababu mwanawe amekosa.

Sikusikia wimbo wa mwisho. Watu walisimama kwa ajili ya wimbo, mimi nikabaki nimekaa, na nafikiri hilo nalo lilihesabiwa dhidi yangu baadaye.

"Mmeona?" niliuliza uwanja wimbo ulipoisha.

"Tumeona," alisema Sizya. "Ulikosa."

"Sizya, koti limebadilika rangi!"

"Mtangazaji Mkuu ana makoti mengi. Ulitaka awe na moja kama wewe?" Watu wakacheka.

"Tungaraza! Simama! Simama wakuone!" Hakusimama. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. "Jamani, mtu huyu amekaa hapa, mvi hizi hapa, tumbo hili hapa, jino hilo halipo! Mwaka ule alikuwa kama ufito! Mtu anazeeka katikati ya swali?"

"Usimtukane mwenzako kwa ajili ya meno," alisema mzee mmoja nyuma. "Wewe mwenyewe unayo mangapi?"

"Na Mama? Mama yangu alishangilia nimekosa?"

Bibi Sikitu aliinuka, akajifunga kanga kiunoni. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeivumilia. Alikuwa na ule unafuu wa mtu aliyepata hatimaye kile alichokuwa anakitafuta. "Kumbe ulikosa, Ngusa," alisema. "Miaka yote hii tunasubiri pampu, kumbe ulikosa. Hata mama yako alijua."

Walikuwepo watu pale waliotupokea siku ile tuliporudi kutoka studio. Walinibeba mabegani. Mmoja wao, Bwana Luhende, bado ana kovu la kisigino nilichomkanyaga wakati ananishusha. Nikamtazama. Akakunjua suruali akalificha.

*

Nilimkuta Tungaraza kesho yake kwenye shimo letu la udongo, amekaa ukingoni, miguu inaning'inia. Hakukimbia.

"Nipige kwanza," alisema, "halafu tuongee."

"Sina nguvu ya kukupiga. Nimekunywa mchanga wiki nzima."

Akanisogezea nafasi. Nilikaa. Hata sijui kwa nini nilikaa.

"Waliniambia niseme neno moja tu," alisema. "Neno moja, Ngusa. Wamelihifadhi hata shati, nililiacha studio siku ile kwa kiherehere, likawa mali ya serikali. Mgoyo akasema, Vumbini ikiwa haikushinda pampu, basi haina pampu. Ikiwa haina pampu, ni kame. Ikiwa ni kame, inapewa. Lakini ziwa haliwezi kupewa. Sasa wewe fikiri. Kichwa chako si kibovu."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo sababu sikukuambia."

Udongo ulikuwa umekauka mpaka umepasuka kama mkate.

"Jibu lako lilikuwa zuri," alisema. "Lakini lilileta nini? Hata tone halikuleta. Langu linaleta. Utaona."

"Na Mama yangu, Tungaraza? Aliyekupikia uji wewe na mimi kwenye bakuli moja?"

Hapo alishika kichwa. "Hilo sikulijua. Haki ya Mungu sikujua kama watamweka pale. Naapa."

"Unaapa," nilisema. "Nani atathibitisha?"

Akateremka shimoni akaanza kupiga jembe kwenye udongo mkavu, bila sababu, jembe linaruka tu. Nikaondoka. Nyuma yangu aliita, "Ngusa! Ngusa, bwana!" Sikugeuka.

*

Serikali yetu ikisema inafanya. Kabla mvua hazijakaribia, lori lilikuja na pampu mpya kabisa. Vumbini ilikuwa imefutwa rangi ya buluu kwenye ramani, imekuwa kavu rasmi, na kavu inahudumiwa. Pampu ilifungwa uani kwa Tungaraza, na ukutani pakawekwa bamba la shaba: Zawadi ya Mtangazaji Mkuu kwa Ndugu Tungaraza, Aliyekataa Kuthibitisha Uongo. Dokta Mgoyo alikuja mwenyewe kuifungua. Alisema katika hotuba yake kwamba maendeleo yoyote huanza mtu anapokubali kosa, au, asipokubali, rafiki yake anapomsaidia kukubali. Watu walipiga makofi, na maji yalipotoka wengine walilia. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jirani. Niliyasikia yakigonga ndoo.

Maji yalitolewa bure. Kulikuwa na sharti dogo la elimu kwa umma. Kila anayekuja kuchota anaulizwa na aliye kwenye bomba, "Nani alikosa?" naye anajibu, "Ngusa." Basi, anachota. Hakuna aliyeona ni sharti zito. Ndani ya muda mfupi watu wakawa wanalisema kabla ya kuulizwa, na watoto wakalifanya mchezo wa kuruka kamba. Sizya alinieleza kwamba hakuna mtu anayenichukia, ni utaratibu tu, na kwamba mtu mwingine angejivunia kutajwa na watu wengi kiasi hicho.

Mimi na Mama Kulwa hatukwenda. Nilimwambia mke wangu tutaendelea na korongo, sisi tu, na akakubali. Alikwenda na kibakuli chake, peke yake sasa, anafukua mchanga mahali ambapo zamani wanawake walikuwa wengi na wanacheka. Alirudi na ndoo iliyojaa nusu, mgongo hauinuki. Sikumsikia akilalamika hata mara moja, na nilidhani hiyo ni kwa sababu tuko pamoja.

Jana alirudi mapema. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na maji yalikuwa meupe. Aliitua, akajinyoosha, akakaa kwenye kigoda bila kunitazama.

"Umetoka wapi?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Kwa shemeji Tungaraza."

"Nani alikuwa kwenye bomba?"

"Yeye mwenyewe."

Nilikaa chini. "Alikuuliza?"

"Hakuniuliza." Alijifuta shingo kwa ncha ya kanga. "Aliponiona aligeuza uso. Akasema taratibu, 'Chota uende, shemeji.' Alitaka kulia, nadhani."

Nilipumua. Nawaambia kweli, kwa dakika ile nilimpenda tena Tungaraza, na jino lake, na shati lake.

"Basi ukachota," nilisema.

"Nikasema."

"Ukasema nini?"

"Nilichopaswa kusema."

"Hukuulizwa, Mama Kulwa. Umesema hukuulizwa."

"Foleni ilikuwa nyuma yangu." Sasa alinitazama, na macho yake hayakuwa na aibu, yalikuwa yamechoka tu. "Wote wamesema. Bibi Sikitu amesema, Luhende amesema, watoto wetu walishasema siku nyingi, ulikuwa hujui? Wote wananiangalia. Mimi ni nani nichote bure? Nikasema kwa sauti, wakasikia, nikajaza ndoo yangu nikaja."

Nje watu walikuwa wanapita na ndoo zao, wanaongea mambo ya kawaida, bei ya mahindi, harusi ya mtu fulani. Mama Kulwa akachukua kikombe, akachota, akaninyooshea.

"Kunywa," alisema.

Nilikipokea. Nilitaka maji yale yawe na chumvi. Nilitaka yanuke kutu, au yawe na rangi, au yaniumize tumbo, niwe na kitu cha kumwambia. Yalikuwa baridi. Yalikuwa matamu, maji mazuri kuliko yote niliyowahi kunywa hapa Vumbini, hayana hata chembe ya mchanga. Nilikunywa mpaka mwisho, nikamnyooshea kikombe aniongeze.